Mwacheni mtu ale kwa staha Forodhani

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu Forodhani, ile bustani ya pembeni ya bahari Mji Mkongwe, Unguja, wanapouza vyakula usiku, maana kila mara nasoma humu watu wanaandika habari za taka pale, mara maegesho ya gari, mara samaki kapanda bei, lakini hili la adabu ya kula sijaona mtu kaligusa, na mie naona ndo linaharibika kwa kasi kuliko hayo mengine yote.

Nnachotaka kusema ni kimoja tu. Mtu anapokula nje mbele ya macho ya watu anakua keshajiweka wazi, mdomo unatafuna, mkono una mafuta, mtoto kapakata, hawezi kujitetea wala kuinuka akaondoka. Kwahiyo kila alie karibu yake, awe muuzaji, awe jirani wa kwenye benchi, awe mpita njia mwenye simu, ana wajibu wa kumuachia staha yake mpaka amalize kula. Hivyo ndo tulivyowakuta wazee wetu wakiishi, hakuna alieandika popote, na hivyo ndo vinavyovunjwa kila usiku pale baina ya lile jumba la Beit al Ajaib na bahari.

Mie ni mtoto wa Mwembetanga, shangazi yangu alikua na meza Forodhani enzi za karabai, akiuza kachori, bhajia na chips za muhogo, na kazi yangu ilikua kupepea mkaa na kuosha sahani. Bustani yenyewe ni ya zamani, ilitengenezwa 1936 wakati wa Sultan Khalifa bin Harub ikaitwa bustani ya Jubilii, ikapita kwenye mengi, ikachakaa mpaka inatia huruma, halafu Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ikaifanyia ukarabati mkubwa ikafunguliwa tena 2009, zikaja taa, majani, mabenchi, ukuta wa baharini ukatengenezwa vizuri. Nashukuru kwa hilo. Lakini tangu hapo kuna watu wamejiaminisha kwamba Forodhani ni ya watalii na sisi tunapita tu. Sio kweli hata kidogo. Nenda baada ya isha siku ya Ijumaa uone, utakuta familia nzima na bibi yao imeshuka daladala kutoka mashamba, utakuta watu wa Pemba wanaosubiri boti ya kesho, wanafunzi wa chuo wanachangiana bakuli moja la urojo, na wale vijana wa makachu waliotoka kujirusha baharini bado wanachuruzika maji wana njaa hiyo. Kwa wengi wetu wanaoishi chumba kimoja na watoto wanne, pale ndo sebule na ndo chumba cha kulia.

Sasa nianze na wenye meza maana ndo wenyeji wa pale, na mwenyeji ndie anaetakiwa kuonyesha njia.

Jambo la mwanzo ni bei. Zamani ukifika kwenye meza unatoa salamu, unaitikiwa, unauliza pweza kiasi gani, ngisi kiasi gani, unaambiwa, kama mfuko unaruhusu unasema niwekee, kama hauruhusu unasema ahsante unahamia kwenye mihogo na hakuna alieabika. Saivi meza nyingi za samaki hazitaji bei. Unaambiwa chukua tu ndugu yangu, chagua, tutahesabu baadae, na sahani anakushikisha yeye, na kabla hujakaa sawa kashakuwekea kamba wawili, kipande cha papa, chapati, muhogo, vyote vishapita motoni. Shemeji yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga na wanawe, akaambiwa hivyo hivyo chukua tu mama, walipomaliza kula akatajiwa elfu themanini na tano. Yule mama hakubisha. Angebisha vipi, watoto wameshakula, watu wanatazama, mgeni kwenye mji wa watu? Akatoa pesa yote alioweka ya nauli ya kurudia. Tulikuja kujua baadae nyumbani alipoanza kuuliza kwa sauti ya chini nani anaweza kumkopesha. Meza siitaji na sitaki kuitaja kwasababu tabia hii si ya mmoja, ila nataka wenye tabia hio wajue kwamba anaedhalilika pale sio mtalii wa kizungu anaehesabu kwa dola, ni mama wa watu aliekua na hamu ya kuwaonjesha wanawe pweza.

Na linganisha na muuza urojo. Kwa muuza urojo hakuna cha tutahesabu baadae, kila mtu anajua bakuli ni kiasi gani, ukitaka uongezewe mshkaki au yai anakwambia kabisa hii inazidi kiasi fulani, anakwambia kabla hajatia kijiko. Ndo maana wateja wa urojo hawaishi na haujawahi kusikika ugomvi pale. Tena angalia kitu kimoja, pale foleni yenyewe haipo, watu wamejazana tu mbele ya sufuria kila mmoja na pesa mkononi, lakini mpishi anamkumbuka nani kaja mwanzo. Anakatakata kachori, anatia viazi, bhajia, anamwagia ule urojo wa manjano wenye ukali wa embe mbichi, chatini ya nazi juu, chips za muhogo mwisho zisilainike, na wakati mikono inafanya hayo macho yanakwenda kwa watu, wewe, halafu bi mkubwa, halafu yule mtoto. Ukijipenyeza anakwambia subiri mwanangu huyu kakutangulia. Hio ndo heshima, na inatoka kwa mtu ambae hata kupumzika hajapumzika tangu alasiri.

Lakini kwenye meza nyingine mwenyeji anasimama na sahani yake mkononi dakika nzima kwasababu muuzaji amepanda juu ya kiti anawachekesha wageni, anajitaja majina ya ajabu ajabu, hakuna matata, jambo jambo, na wakija wageni wengine nao wanatangulizwa. Sina ubaya na wageni, wageni wanatulisha na tunawapenda, lakini mtu aliefika mwanzo ahudumiwe mwanzo hata kama kavaa kanga na ana shilingi elfu mbili tu. Na hawa papasi wanaomvuta mgeni kwa mkono kutoka meza hii kwenda ile nao waambiwe, mtu anaetafuta chakula havutwi mkono, anakaribishwa kwa maneno, akikataa anaachwa. Nimeona wazee wa Kizungu wameondoka bila ya kula kwa kuogopa tu kushikwashikwa.

Jambo la pili ni mikono. Hapa wenye makosa ni sisi walaji na wao wote pamoja.

Mtu anafika kwenye meza, ametoka kushika usukani, ametoka kushika pesa, anaanza kubonyeza pweza kwa kidole kuangalia kama kaiva, anageuza mshkaki huu anaurudisha, anageuza ule anaurudisha, mwisho anachukua wa tatu. Ile miwili aliyoirudisha ataila nani? Koleo lipo, au muelekeze muuzaji kwa kidole kwa mbali, atakuchagulia. Halafu ile bakuli ya pilipili na ile ya chatini ya ukwaju ambazo ni za watu wote, mtu keshaiuma kachori anairudisha kuichovya mara ya pili, ya tatu. Jamani chukua kijiko utie kwenye sahani yako uchovye huko mpaka uchoke. Mtoto nitamuelewa, lakini naona watu wazima na ndevu zao.

Na juisi ya miwa. Naipenda mno, ule mua unaokunjwa na ndimu na kipande cha tangawizi ukapitishwa kwenye mashine mara ya pili na ya tatu mpaka ukatoka umekauka kama karatasi, hakuna kinywaji kinachoishinda ile siku ya joto. Lakini zile gilasi zinatumbukizwa kwenye ndoo moja, na maji ya ile ndoo saa mbili za usiku ukiyatazama yana rangi. Tusisahau 2016, kipindupindu kilipotukaba mpaka serikali ikapiga marufuku kuuza vyakula na vinywaji maeneo ya wazi na skuli zikafungwa. Waliolala njaa siku zile ni hawahawa wenye meza na watoto wao. Dumu la maji lenye bomba na sabuni pembeni ya kila meza halimshindi mtu, na nawapongeza wale ambao wanalo, tena wengine wana kijana mdogo kabisa anaekumiminia maji kwa birika kama vile uko nyumbani kwao, ukimpa kitu anakataa mpaka umlazimishe. Kunawishana kulikua ni kwetu sote, mdogo anashika birika anamnawisha mkubwa, mgeni anaanza, hakuna mtu anaanza kula kabla mikono yote haijapita kwenye maji.

Sitaki kuorodhesha adabu zote za kula maana kila mtu alifundishwa kwao, na sisi tulifundishwa chuo cha Kurani kwamba upige bismillahi, ule kwa mkono wa kulia, na ule kilicho mbele yako. Basi nitasema zile za nje tu ambazo naona watoto wetu hawazijui tena.

Ukiwa unakula na mtu unaemjua akapita lazima umkaribishe, hata kama una mshkaki mmoja na kipande cha mkate. Na anaekaribishwa ajue pia wajibu wake, unasema starehe, au unakata kipande kidogo kama mwenyewe ameshikilia, unaondoka, hukai ukamtumbulia macho. Benchi ni la wote, akija mtu mwenye sahani unasogea bila ya kuombwa, ukishamaliza kula huendelei kukaa na simu yako wakati kuna mama amesimama na bakuli la moto mkononi. Huli umempa mgongo mzee. Hupulizi moshi wa sigara kwenye sahani za watu. Chakula kikiwa hujakipenda unakiacha kimya kimya, humsemi mpishi mbele ya wateja wake, ukiwa na la kumwambia msogelee umwambie wewe na yeye. Na ukikaa na watu kwenye kahawa, kama pale baraza ya Jaws Corner Mji Mkongwe, muuza kahawa akipita anagonganisha vikombe vyake, yule anaetoa pesa mwanzo huwa anauliza na wa pembeni yake, nyie mmeshakunywa? Kikombe kimoja cha kahawa chungu ni pesa ndogo sana lakini nimeona watu waliokua hawasemeshani wamepatanishwa nacho.

Halafu kuna hawa watoto wanaosimama mbele ya mtu anaekula. Wapo wanaofukuzwa kama kuku na wenye meza, na wapo wanaopewa sahani iliyoshachezewa, mifupa na mabaki. Kama una nia ya kumpa, mnunulie chake, muhogo na kachori mbili haziwezi kukufilisi, mpe akiwa nacho mkononi kizima kama mtu. Kama huna, mwambie kwa upole mwanangu leo sina. Bibi yangu alikua akisema jicho la mwenye njaa halifukuzwi kwa ukali, na mie nimelishika hilo.

Na vijiti vya mishkaki! Hili linaniuma kila nikenda. Watu wanakula, kijiti wanakiachia chini, kwenye majani, kwenye sakafu, wanaona ni kijiti tu. Sasa wale vijana wa makachu wanakimbia pale miguu mitupu, wanachukua mbio ndefu kutoka huku juu ndo wajirushe baharini, wameloa hawaangalii chini. Nimemshuhudia mmoja, hata miaka kumi na mbili nadhani hana, kijiti kimemuingia chini ya wayo kikakatikia ndani, damu inatoka, na waliokua wamekaa pale wanakula waliendelea kula. Aliemtoa ni muuza miwa, aliacha mashine yake na wateja wake akamkalisha, akamuosha kwa maji ya kunywa, akamtoa kile kijiti kwa kucha. Kijiti chako kikishamaliza kazi kivunje mara mbili ukirudishe kwenye sahani, sahani uipeleke kwenye pipa, mapipa yapo. Huo nao ni sehemu ya kula.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya hasa nikae nikaandika. Simu.

Siku hizi kila ukikaa Forodhani kuna mtu anarekodi. Sisemi mgeni anaepiga picha ya sahani yake au ya moshi wa jiko na bahari nyuma, hilo halina neno. Nasema watu, wengi wao ni vijana wetu wenyewe, wanatembea na simu kwenye kijiti chenye taa kali wanaingia katikati ya watu waliokaa wanakula, wapo laivu, wanaelekeza ile taa usoni kwa mtu ambae mdomo umejaa, eti wanatengeneza kontenti. Halafu ile video inakwenda huko mitandaoni na maneno yake, tazameni anavyobugia, huyu mzee ana njaa ya mwaka, na watu maelfu wanacheka.

Juzi niliona hivi kwa macho yangu. Palikua na dada kavaa nikabu, kakaa kwenye benchi la mwisho kabisa kuelekea baharini, kawapa watu mgongo, na mumewe kakaa pembeni yake upande wa watu, wamekaa hivyo makusudi, kila mtu wa mji huu anajua kwanini watu hukaa hivyo. Anafunua kidogo kwa mkono wa kushoto, anapeleka kijiko cha urojo kwa mkono wa kulia, anashusha. Ana mtoto mchanga begani. Basi akatokea kijana na simu yake na taa, akazunguka mpaka mbele yao kwenye ukuta wa bahari, anasema na watu wake wa laivu, oneni jamani wanakulaje hawa, leo tunapata jibu. Yule dada aliachia kijiko kikaanguka, akajifunika, akainamisha kichwa kwa mtoto. Mume akasimama. Mie nikasema sasa pana ugomvi hapa, lakini mzee mmoja muuza mishkaki, mtu mzima wa makamo kama ya baba yangu, alitoka nyuma ya jiko lake na kipepeo cha kupepea mkaa bado mkononi, akakiweka mbele ya ile kamera tu hivi, akamwambia, mwanangu, zima. Huyu ni mgeni wangu. Hakupiga kelele. Kijana akaanza kusema hapa ni sehemu ya umma, mzee akamjibu sehemu ni ya umma, mtu sio wa umma. Watu waliokua pembeni wakaanza nao, zima, zima, futa hiyo. Akafuta mbele yao akaondoka. Lakini yule dada hakumaliza urojo wake. Waliinuka wakaenda zao bakuli likabaki pale limejaa na paka wakalizunguka.

Nawauliza wale wanaotuambia kwamba tumepitwa na wakati, kwamba ukikaa nje umekubali kurekodiwa. Huyo dada alikubali lini? Alichokubali yeye ni kukaa na watu wenzake ambao walijua wamgeuzie macho upande gani. Ndo tulivyolelewa, ukimuona mtu anakula humkodolei, unapita na salamu yako, na mwanamke aliejisitiri mnampisha sehemu yenye sitara. Mji wetu wa Mji Mkongwe uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na watu wanadhani urithi ni zile kuta na milango ya nakshi peke yake. Kuta zenyewe tunaona zinavyokwenda, Beit al Ajaib iliporomoka upande Disemba 2020. Namna tunavyokaa pamoja tukala haihitaji mafundi wala saruji, inahitaji mtu mmoja tu aseme zima.

Na wanaorekodi wakiwa na shida ya kutengeneza video zao nawapa njia. Muombe mtu kabla hajaanza kula au baada ya kumaliza. Mpigeni picha mpishi, wengi wanapenda, akisokota ile chapati ya nyama mpaka inakua nyembamba unaona meza chini yake, akivunja yai, akiikunja pembe nne. Hiyo ni kazi ya sanaa na yeye ana fahari nayo. Mla aachwe.

Kwa upande wa pili na wapishi nao wana staha yao wanayovunjiwa na sisi wateja. Kijana wa miaka ishirini anamwita mzee wa meza oya, au anampigia mluzi, au anatupa noti juu ya meza yenye mafuta. Kuna kaka, kuna mjomba, kuna ami, kuna bi mkubwa, kuna shangazi, hazikuisha. Salamu mwanzo, chakula baadae. Na bei ipatanwe kabla ya kula, sio umeshakula kila kitu ndo unaanza kusema pweza alikua mgumu nipunguzie. Kama alikua mgumu ungesema kwenye kipande cha mwanzo. Wale watu wanasimama mbele ya moto tangu jua halijazama, moshi wote wa mafuta unawaingia wao, na wengi wanarudi nyumbani saa sita usiku kwa miguu.

Ramadhani nayo naomba niiguse kidogo kwasababu wageni wengi hawaelewi na hatuwaelezi vizuri, tunawakaripia tu. Mchana wa Ramadhani kwetu huli wala hunywi hadharani hata kama hufungi, na watembeza wageni wawaambie mapema wakiwa hotelini bado, wasingoje mpaka mtu ametoa chupa yake ya maji njiani akazomewa na watoto. Usiku ndo raha yenyewe. Kabla ya magharibi watu wanakua wameshakaa na vyakula vyao mbele yao hakuna anaegusa, adhana ikilia tu utaona mtu hata hakujui anakunyooshea tende, na mgeni asiekua Muislamu aliekaa karibu nae anapewa. Wageni wengi niliozungumza nao wanasema hilo ndo wanalolikumbuka Zanzibar, sio fukwe.

Mie sitaki kusema sisi peke yetu. Ndugu zetu wa Mombasa pale Mama Ngina wanakaa ukutani na mihogo yao na viazi karai na madafu, na ukienda na watoto jioni utaona bei inatajwa na vijiti vinaokotwa. Coco Beach Dar watu wanakula mihogo na mishkaki makundi kwa makundi. Hata Muscat jamaa zetu waliohamia kule wanachoma mishkaki pembeni ya barabara usiku, jina ni hilo hilo na chatini ya ukwaju ni ile ile, na waliowahi kukaa kule wananiambia mtu anakula ndani ya gari yake au amesimama pale na hakuna anaemuingilia. Kwahiyo inawezekana, na watu wenyewe ni wale wale.

Nnachowaomba wanaosimamia bustani ni mambo machache yasiyokula bajeti. Kila meza iwe na ubao wa bei kwa Kiswahili, maandishi makubwa, bei moja kwa wote, na asiekua nao asifungue usiku huo. Maji na sabuni kila meza. Na kibao kwenye zile njia za kuingilia kinachosema usimrekodi mtu anaekula bila ya idhini yake, wakiweka na Kiingereza chini haidhuru. Wenye meza nao wana umoja wao, wakikubaliana kwamba anaemrekodi mteja wao anatolewa basi ndani ya mwezi mmoja hakuna atakaethubutu, maana mzee yule alikua peke yake na kipepeo na aliweza.

Nakuomba ndugu Mhariri uitoe barua hii kabla ya mwezi wa sita, wageni wakishaanza kujaa hakuna atakaekua na nafasi ya kusikiliza. Na kama yule dada wa nikabu au mumewe wanasoma gazeti hili, muuza urojo wa upande ule aliniambia bakuli lenu lile hakulihesabu, mkirudi mna bakuli lenu kwake.

Ahsanteni.

Msomaji wenu,
Mwembetanga, Unguja.